Gari Linalokula LUKU

Kwangu Kihonda dirisha la sebuleni halifungwi tena. Kuna waya mweusi, mnene kama kamba ya kufungia ng'ombe, unatoka nyuma ya friji, unapita juu ya kochi, unatokea dirishani na kuishia ubavuni mwa gari. Mbu wanaingia pembeni mwa waya huo bila haraka, kama abiria wenye tiketi. Mama watoto aliziba pengo kwa kipande cha kanga, lakini mbu na kanga wameshaelewana. Nikijikuna ananiangalia na kuniambia, "Si ulitaka gari la kisasa? Haya, jikune kisasa."

Nilikuwa na IST. Sina baya la kusema juu ya IST: spea zake zinauzwa kila kona ya Msamvu, na fundi anaitengeneza huku anaongea na simu. Tatizo lake lilikuwa Mgeta. Kila nikipanda kumsalimia mjomba, lile jiwe la kona ya tatu lilikuwa linanisubiri, linapiga tumbo la gari, na abiria wote wanasema "pole" kana kwamba tumbo ni langu. Nikataka gari la juu. Gari la juu linakunywa mafuta, na mimi kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA wanapotangaza bei mpya, huwa naisoma kama mtu anayesubiri majibu ya maabara.

Ndipo mfanyakazi mwenzangu akanionyesha Outlander PHEV kwenye simu. Gari la juu, lina injini ya petroli ya lita mbili, mota mbili za umeme, moja mbele na moja nyuma, na betri kubwa chini ya sakafu. Unalichomeka ukutani kama simu. Wajapani walianza kuliuza mwaka 2013, na betri ya yale ya mwanzo ni ya kilowati-saa 12, yaani uniti 12 za LUKU. Nikapiga hesabu palepale kwenye karatasi ya chapati. Kihonda hadi mjini na kurudi, kilomita 16. Umeme mtupu! Petroli nitaisikia kwenye taarifa ya habari. Na umeme si ndio wetu? Bwawa la Kidatu lipo mkoani kwetu, linazalisha megawati 204. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji ni megawati 2,115. Treni ya SGR inapita hapa hapa ikinyonya umeme tangu 2024. Nikajiona mimi na treni ni kitu kimoja.

Mpwa wangu, ambaye mdomo wake hauna breki, akasema, "Tofauti ni kwamba treni nyaya zake ziko juu."

Sasa kununua. Gari nililolimudu lilikuwa la mwaka 2014, na hapo ndipo nilipojifunza kwamba katika nchi hii gari linatozwa kwa kuzeeka. Ushuru wa forodha asilimia 25. Ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa injini isiyozidi cc 2000. Likiwa limevuka miaka 10, asilimia 30 nyingine ya uchakavu. Juu ya mlima huo wote unapandisha VAT ya asilimia 18, na tozo ndogondogo zinafuata nyuma kama vifaranga. Ukimaliza kujumlisha, kodi imelingana na bei ya gari pamoja na meli yake. Kwa lugha nyepesi, nilinunua magari mawili, moja nikaiachia serikali.

Ulaya wenzetu hawajisumbui kununua. Wanakodi kwa miaka mitatu minne, wanarudisha, wanachukua jipya. Uingereza mwaka 2018 iliripotiwa kwamba baadhi ya magari haya ya kuchaji yaliyokodishwa kwa wafanyakazi wa makampuni yalirudishwa na nyaya zake zikiwa bado kwenye nailoni. Watu walichukua punguzo la kodi, wakaendelea kuweka mafuta. Nilisoma habari ile nikautazama waya wangu, ambao plagi yake imeshabadilika rangi kuwa ya kahawia, nikasikitika.

Sisi tuna mkataba. Kijana wa bajaji pale kituoni ana mkataba: anapeleka hesabu kwa tajiri kila siku, mwaka na miezi kadhaa ikipita bajaji ni yake. Mimi nilikwenda Saccos ya kazini, nikachukua mkopo wa miaka minne, makato juu kwa juu kwenye mshahara, na kadi ya gari ikabaki kabatini kwao. Siku moja nikamweleza yule kijana utaratibu wangu. Alinisikiliza kwa adabu, akauliza, "Kwa hiyo mzee, abiria wako wanakulipa shilingi ngapi?" Nikamwambia sipakii abiria. Akanyamaza, halafu akanipa kiti.

Gari likaja. Kila nikiliwasha, mama mmoja wa Kijapani ananisemesha kwa upole mkubwa. Miezi miwili nilidhani ananitakia safari njema, na nilikuwa namjibu "asante mama". Fundi redio akanitoa tongotongo: anadai kadi ya kulipia barabara za Japani, haijachomekwa. Kumbe kila asubuhi nadaiwa kabla sijatoka getini.

Usiku wa kwanza wa kuchaji, nikatafuta soketi iliyo karibu na dirisha, ambayo ni ya friji. Nikachomoa friji, nikachomeka gari. Taa ikawaka, nikakaa barazani natazama kama mtu aliyepata mtoto. Dakika arobaini baadaye mama watoto akasema kuna harufu. Nikamwambia ni ya jirani. Akagusa soketi, akatoa mkono haraka, akaniambia njoo uguse harufu ya jirani.

Fundi umeme alikuja kesho yake. Alifungua soketi, akachungulia, akacheka kile kicheko cha mafundi ambacho kina bei ndani yake.

"Mzee, nani alikufanyia wayaringi hii?"

"Sikumbuki." Nakumbuka. Nilimchagua kwa sababu alikuwa rahisi.

"Hapa umepitishiwa waya wa moja na nusu. Huu ni wa taa. Na hili gari lako linavuta kilowati tatu. Yaani ni sawa na kuchomeka pasi tatu hapa, uziache zinawaka mpaka alfajiri."

Akaorodhesha: waya wa 4 kutoka kwenye meni swichi, breka yake peke yake, eathi mpya kwa sababu ile ya zamani ilikuwa msumari tu umechomekwa ardhini. Fedha ya vitu hivyo sikuwa nayo. Tukafikia mwafaka wa kimaskini: waya mpya mpaka soketi ile ile ya friji, na dirisha ndio njia. Gereji nitajenga mkopo ukiisha. Friji na gari vinapeana zamu. Kuanzia saa nne usiku friji linapumzika, na maziwa yameshazoea.

Halafu ikaja LUKU yenyewe. Msomaji unayetumia umeme kidogo unajua ladha ya D1: ukiwa hauzidishi uniti 75 kwa mwezi, uniti ni shilingi 100, na ukiongeza VAT na tozo inafika 122. Ukizidisha unahamishiwa T1, na huko uniti ni 292, ambayo na mizigo yake inakuwa kama 356. Sisi tulikuwa D1 kwa miaka na tulikuwa tukijisifia kimyakimya. Nikinunua umeme wa 10,000 mwanzo wa mwezi, ikikatwa kodi ya jengo 1,500, zinaingia uniti 69 na ushee. Tunakula mwezi mzima, tunabakiza za kumkopesha jirani, kwa maneno.

Gari halijui D1. Lilikula uniti 75 kabla mwezi haujafika katikati, likiwa pamoja na redio, pasi na televisheni. Tukahamishwa. Mwezi uliofuata nikanunua 10,000 ile ile, nikaingiza tokeni, mita ikaniandikia 23. Nikadhani nimekosea tarakimu. Nikaita mwanangu wa kidato cha pili aje asome. Akasoma: 23. Sasa hivi kila taa ya nyumba hii inawaka kwa bei ya gari. Friji, ambalo halijawahi kwenda hata Msamvu, linalipia usafiri.

Mama watoto anaweka hesabu kwenye daftari la kurasa 48. Alikaa nalo Jumapili moja, akaniita. IST ingekula petroli ya kama 75,000 kwa mwezi kwa safari za mjini. Umeme wa gari jipya ni kama 33,000, na umeme wa nyumba umepanda kwa 14,000. "Kwa hiyo tunaokoa," nikasema haraka. Akasema ndiyo, tunaokoa kama 28,000 kwa mwezi. Akafungua ukurasa wa pili, wenye makato ya mkopo. Akafunga daftari bila kusoma. Naogopa sana mwanamke anapofunga daftari bila kusoma.

Umeme ukikatika ndipo ninapopata heshima. Gari lina soketi nyuma, ya pini mbili bapa, volti 100, wati 1,500. Pasi ya hapa haifanyi kazi pale, ila chaja za simu hazibagui, zinakubali. Nilikosea nikamchajia jirani mmoja. Wiki iliyofuata giza lilipoingia, niliwakuta kumi na mmoja barazani, kila mtu na chaja yake, mmoja kaja na mlolongo wa soketi sita. Saa mbili hivi gari likanguruma lenyewe. Betri imeshuka, injini imeamka kuzalisha umeme. Nikabaki nimesimama nasikiliza petroli ya 3,000 lita ikijaza simu za mtaa mzima, na mzee mmoja akinisifu, "Hili gari lina akili, linajiwasha lenyewe."

Lakini nililinunulia Mgeta. Jumamosi moja nikaondoka betri imejaa, nikakunja Sangasanga, nikapita Mzumbe kimyakimya. Mlima ulipoanza, zile namba za kilomita zilizobaki zikashuka kama za lifti. Ishirini. Kumi na mbili. Nne. Hatujafika hata nusu ya kona, betri kwisha, injini ikaanza kupiga kelele peke yake, imebeba na betri yenyewe, ambayo sasa ni mzigo tu. Jiwe la kona ya tatu nililipita juu kwa juu. Nililipungia mkono.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa wangu." Akalizunguka gari, mikono nyuma. "Linakula nini hili?"

"Petroli na umeme, mjomba."

"Vyote viwili?"

"Vyote."

Akatikisa kichwa. "Mimi nina wake wawili. Pole."

Kushuka ndiko kulikoniponza. Ukiachia mafuta mlimani, mota zinageuka kuwa jenereta, zinashika gari na kurudisha umeme kwenye betri. Nilishuka karibu mita elfu moja na kabichi za mjomba, karoti, na shangazi wawili wa kanisani waliokuwa wanakwenda Soko la Chifu Kingalu. Nilipofika lami, betri iliyokuwa sifuri ilikuwa imepata kama uniti tatu. Nilimpigia mjomba simu kwa furaha, nikamweleza: mzigo ukiwa mkubwa na mlima mrefu, umeme unakuwa mwingi zaidi. Ulimi hauna mfupa. Sisi Waluguru ukoo unakwenda kwa upande wa mama, na mjomba akishasema, hata baba yako mzazi anasubiri zamu.

"Kumbe kabichi ndio zinalishibisha!" akasema. Tangu siku hiyo kila Jumamosi nakuta magunia yamepangwa barabarani, yananisubiri, kwa faida yangu. Mama watoto ameandika daftarini, upande wa mapato: uniti 3 × 356 = 1,068. Petroli ya kupandia kaiandika upande wa pili, kwa kalamu nyekundu.

Yule mwenzangu aliyenionyesha picha amekuja tena. Sasa ananishauri nipande daraja: kuna Outlander mpya zaidi, betri yake kilowati-saa 20, na kuna za Kichina zenye uwezo kuliko hizo. Nikamuuliza la kwangu nitamuuzia nani. Akasema, "Weka tangazo, utapata tu." Niliweka. Wamepiga watu watatu. Wawili waliuliza kama nabadilishana na IST. Wa tatu alikuwa yule kijana wa bajaji, amemaliza mkataba wake, bajaji ni yake. Alitaka kujua kama bado nachaji simu.

Basi gari lipo, halijauzwa, na Jumamosi hii nakwenda Mgeta tena. Kama una safari ya kurudi mjini, nisubiri pale Nyandira, nakushusha bure, na kadiri ulivyo mnene ndivyo nitakavyofurahi. Kupanda, tafadhali, panda Noah.