Abti Akujibu: Kompyuta ya Gemu Imefika Banissa

Barua za juma hili zimetoka Banissa, huku kwetu Mandera, na zote zinahusu kompyuta moja. Walioandika hawajui kwamba wenzao nao wameandika. Mimi nimejua, na kwa kuwa ushauri wa Abti, yaani mjomba, hautozwi hata shilingi, sitaficha chochote isipokuwa majina.

*Asalaam aleikum Abti. Kaka yangu aliye Minneapolis alinitumia pesa za kununua ngamia jike. Siku hiyo nilikuwa Nairobi, nikapita Eastleigh, nikatoka na kompyuta ya gemu: kadi kubwa ya grafiki, feni zenye taa za rangi zote, kila kitu. Imesafiri juu ya basi ikiwa imeviringishwa blanketi na imefika salama. Sasa nimeanza kuonja michezo ya mikakati, ile ya kujenga dola na kupeleka majeshi. Nishike upi? Halafu nishauri nimwambie nini kaka, maana juzi ameuliza kama ngamia ameshika mimba. — Sultani Mpya*

Waaleikum salaam, abti yangu. La kaka yako tuliweke kando kidogo. Tuanze na stima.

Mandera haijafikiwa na gridi ya taifa. Miji yetu huishi kwa jenereta za dizeli na sola, na wewe, nadhani, unategemea paneli zako za paani. Basi piga hesabu nami. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,200. Ikiwa ni ile ya asidi, ukiinyonya zaidi ya nusu kila siku unaichimbia kaburi, kwa hiyo zilizo halali yako ni 600. Kompyuta ya mezani yenye kadi kubwa, majeshi yakiwa yamekabana, hula wati 350 bila shida. Skrini ina sehemu yake, na inveta nayo hudokoa. Dola yako itadumu saa moja na ushei, kisha giza. Hakuna sultani katika historia ya pembe hii ya Afrika aliyepinduliwa haraka hivyo.

Kuna dawa. Ingia kwenye mipangilio ya mchezo na uzuie picha zisizidi 30 kwa sekunde. Anayecheza mpira au mbio za magari atalia. Wewe unaangalia ramani. Kadi itapunguza ulaji, feni zitanyamaza, na vumbi la Banissa litaingia kwa kiasi. Zima na zile taa za rangi, ingawa najua ndizo zilizokufanya umsahau ngamia. Muuzaji alikusifia kadi, lakini michezo ya mikakati hulemea zaidi prosesa, ambayo ndiyo inayowafikiria wapinzani kumi na wawili na vijiji vyao vyote kila unapomaliza zamu. Kadi ile ingekufaa kama ungependa kuona jasho shingoni mwa mshambuliaji.

Sasa michezo yenyewe. Total War: Warhammer III usiiguse. Inadai zaidi ya gigabaiti 100, na ukiipakua kwa bando la simu utakuwa umekula ngamia na ndama wake. Shika Civilization, ama ya tano ya mwaka 2010 ama ya sita ya 2016. Ni ya zamu: hakuna kinachosogea mpaka wewe usogeze. Adhana ikilia unainuka, ukirudi adui yako yuko palepale amesimama na mkuki wake kama mtu mwenye adabu. Ipangie ijihifadhi yenyewe zamu hata zamu, na betri ikikata roho hupotezi kitu kikubwa. Tena ina mpango ambao wenzako wa Nairobi wameupuuza kwa sababu kila mmoja ana mashine yake: watu kadhaa mnacheza kwenye kompyuta moja, mkipokezana kiti. Huo ndio mchezo wa Banissa. Mashine moja, vijana wanane, birika la chai.

Kama mfuko umekauka, na kwa hesabu zangu umekauka, kuna 0 A.D. na The Battle for Wesnoth. Yote miwili ni ya bure, si ya wizi. Walioitengeneza wameamua kuigawa. Mwambie rafiki aliye mjini aipakue, aitie kwenye flashi, aikabidhi kwa dereva wa basi. Ukinunua kwenye duka la mtandaoni la Steam, hakikisha umeingia na kuweka hali ya nje ya mtandao ungali na mtandao mzuri. GOG nao hukuuzia faili la kusakinisha unalobaki nalo milele, liwepo bando lisiwepo.

Kaka yako mwambie ukweli kabla hajakata tiketi.

*Abti, nakuandikia nikiwa macho saa nane za usiku. Mume wangu amekuwa mfalme wa Uhabeshi. Nikimwita kula anasema "zamu moja tu." Nikimwita kulala, "zamu moja tu." Jana aliniamsha kunieleza kwamba Gandhi anamtishia kwa bomu la nyuklia. Mimi simjui huyo Gandhi wala ukoo wake. Nifanye nini? — Malkia Asiyetawazwa*

Walaal yangu, pole. Sijui alikuambia nini ulipomuuliza zamu hizo ni ngapi, lakini mimi nitakuambia: mchezo wa Civilization kwa mwendo wa kawaida una zamu 500. Usiku ule wa Gandhi huenda alikuwa katikati tu ya safari. Huyo Gandhi naye ana sifa ya zamani katika mchezo huo, ya kupenda amani kwa maneno na mabomu kwa vitendo. Mumeo hakukudanganya hapo.

Nina njia mbili. Ya kwanza ni ya biashara. Betri ni moja, na majirani wana simu. Anza kuchaji simu za mtaa kuanzia magharibi, kwa ada, na pesa uweke wewe. Kufikia saa nne inveta itaanza kulia yenyewe, na hutahitaji kusema neno. Hakuna mfalme anayebishana na inveta.

Ya pili ndiyo ninayoipenda zaidi. Niliandika hapo juu, nikimjibu mtu mwingine kabisa, kwamba mchezo huu huruhusu watu kupokezana kiti. Vuta kiti. Chukua taifa lako, jenga mji wako wa kwanza karibu na mpaka wake, kwenye maji, kisha umwambie "zamu moja tu." Mwanamke aliyewahi kugawa madumu manne ya maji kwa watoto, mbuzi na wageni wa ghafla ana mafunzo ya kutosha kuendesha Uhabeshi.

Ukishindwa na yote mawili, mhamishie kwenye Age of Empires II. Ni wa mwaka 1999, ulifanyiwa ukarabati mkubwa 2019, na pambano moja kwa kawaida huisha ndani ya saa moja. Mtu hushinda au hushindwa, kisha huja kula.

*Mimi ni mzee. Nimetumia mkono wa mjukuu kuandika. Vijana walikuwa wakija chini ya mti kucheza shax nasi. Sasa wamejazana chumbani kwa yule bwana wa masanduku ya taa. Nilikwenda kuona. Nikaona ngamia akinunuliwa kwa dhahabu, bila kuuliza mama yake ni nani wala hunywa wapi. Nikaona kondoo wa mtu wakigeuka kuwa wa mwingine eti kwa sababu askari wake amewaona. Je, si wizi wa mifugo huo wanafundishwa? — Mzee wa Kivulini*

Awoowe, heshima yako. Ulichokiona ni kweli tupu. Katika Age of Empires II mpanda ngamia hugharimu chakula 55 na dhahabu 60, na maji hayamo kabisa kwenye hesabu. Waliotunga mchezo ule hawakuwahi kungoja zamu kisimani mwezi wa pili. Na kondoo, ndiyo, ni wa aliyewaona ikiwa mwenyewe hayuko karibu. Sheria hiyo ikiletwa Banissa, kamati ya amani itakaa kikao kisichoisha. Waambie vijana hivyo, tena kwa sauti, mchezo ukiwa umefika pazuri.

Jambo moja hata hivyo wamelipatia. Ngamia wa mchezo huo huwapiga farasi vibaya sana, na hilo lina asili. Herodotus ameandika kwamba Koreshi, mfalme wa Uajemi, aliwatanguliza ngamia wake wa mizigo mbele ya wapanda farasi wa Kroiso wa Lidia. Farasi waliposikia ile harufu waligeuka mbio. Wewe ungemwambia Kroiso mapema, lakini hakuuliza.

Kuhusu shax nitasema kwa kirefu kidogo, maana wasomaji wa kusini hawaijui. Unachora ardhini miraba mitatu, mmoja ndani ya mwingine, unaiunganisha katikati ya kila upande. Unapata vituo 24. Mmoja ana mawe 12, mwenzake vijiti 12. Mnapanga kimoja kimoja, na wakati wa kupanga hakuna kula, hata ukipata tatu mstarini, yaani jare. Lakini aliyetangulia kupata jare ndiye atakayetangulia kung'oa. Mkimaliza kupanga ubao umejaa pomoni, hakuna pa kusogea. Hapo kila mtu anang'oa kete moja ya mwenzake, na ndipo vita vinaanza, katika nafasi mbili tu za wazi. Kila kosa ulilofanya wakati wa kupanga, ukiwa unacheka na kunywa chai, sasa linakudai. Mimi sijaona mchezo wa kompyuta wenye ukatili wa namna hiyo, na shax huendeshwa kwa nguvu ya jua bila paneli.

Kwa hiyo, awoowe, usiwalaani. Waalike. Mtoto aliyezoea Civilization ameshajua kwamba miji hujengwa kabla ya vita. Atakaa chini ya mti akiwa na majivuno, utamtoa kwa kete sita, na kesho atarudi. Nawe siku moja ukae kwenye kile kiti chao. Miraa unaweza kuibeba. Majani tu usiyaache juu ya kibodi.

*Mpendwa Abti, mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari. Wanafunzi wananiuliza kama kuna mchezo ambao sisi tumo. Nisiwadanganye. — Chaki Mkononi*

Mwalimu, mmo, ila mtafutwe. Europa Universalis IV ya mwaka 2013 huanza tarehe 11 Novemba 1444, na ukiikuza ramani ya upande wetu unawakuta Ajuran, Adal, Mogadishu, na kushuka pwani, Kilwa. Mwanafunzi anaweza kumshika Ajuran, dola inayokumbukwa hadi leo kwa visima vyake na kwa kodi zake, na kujaribu kuifikisha mbali kuliko karne ya 17 ilipoanguka. Onyo: mchezo huo una vitufe vingi kuliko fomu za serikali. Utahitaji wiki ya kwanza kuelewa kwa nini unafilisika.

Age of Empires II ina Wahabeshi tangu nyongeza ya mwaka 2015. Civilization VI ina Zanzibar kama mji huru. Ukiwapita wenzako wote kwa urafiki nao unapewa mdalasini na karafuu, jambo ambalo hata wapinzani wa siasa za kisiwani hawatalipinga. Na tangu 2020 ina Menelik II. Hapo ndipo ningesimamisha mchezo nikiwa mwalimu. Menelik huyohuyo, kwa mkataba wa Desemba 1907 na Waingereza, ndiye aliyekubali mpaka unaopita kaskazini mwa Banissa. Katika mchezo mpaka hukua wenyewe, rangi juu ya ardhi, kadiri mji unavyostawi. Waulize wanafunzi: ule mstari wa 1907 ulichorwa kwa nini pale, na malisho ya nani yalibaki ng'ambo? Wazee wao wana majibu, na hayafanani. Kipindi kizima kitaisha hujagusa chaki.

Wakikuuliza mbona hakuna mchezo uliotungwa na mtu wa Mandera, ambao mvua ikikosa misimu miwili dola zote husimamisha vita na kutafuta maji, waambie hiyo ni kazi ya nyumbani. Kihariri cha Wesnoth cha kuchora ramani ni cha bure pia.

*Abti, kuna kijana hapa jirani ana kompyuta kubwa yenye taa. Wanangu wawili wanahitaji kujaza fomu za basari na mwisho ni Ijumaa. Je, mashine ya aina hiyo inaweza kuandika barua, au ni ya vita tu? — Mama Watoto*

Hooyo, inaweza. Inaandika barua, inafungua fomu, inajaza, na kwa ile prosesa aliyoinunua itafanya hivyo kabla hujamaliza kusema bismillahi. Nenda asubuhi, kabla wafalme hawajaamka na betri ikiwa inajaa. Asikutoze zaidi ya wanavyotoza kwenye duka la vocha, na akikuambia mashine ina kazi, mwambie Abti ameona barua ya mke wake. Printa hana, nimeuliza. Beba flashi.