Pongezi kwa Mistari Mipya

Ndugu Wakurugenzi,

Sisi wateja wa jumba lenu la maduka hapa Dar es Salaam tumeiona kazi ya kupaka upya mistari ya maegesho. Wengine tumeondoka nayo kwenye soli za viatu.

Mlichagua Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mishahara imetoka, mvua za masika zinamwagika. Mtu asiye na maono angesubiri lami ikauke, angefagia mchanga na kusugua oili, kisha angefunga nusu ya uwanja usiku ili nusu nyingine iendelee na biashara. Nyie mkapaka juu ya tope. Leo rangi inabanduka kama magamba ya changu.

Asanteni pia kwa kutofuta mistari ya zamani. Ile imelala mshazari, mipya imenyooka, na kila dereva anafuata anayoipenda. Ugomvi ukizuka, haki ni ya mwenye gari kubwa.

Ila mmetia fora kwenye vipimo. Waingereza, watu wa kujidekeza, kwa kawaida huipa gari nafasi ya mita 2.4 kwa 4.8. Nyie mmeona upana wa mita 2 unatosha. Kweli unatosha: Land Cruiser 300 ina upana wa mita 1.98, kwa hiyo inaingia na sentimita 2 zinabaki. Dereva ndiye hatoki. Mwenye Noah walau ana mlango wa kuburuta, akikubali kuruka viti kwanza. Matokeo yake, nafasi zimeongezeka kwenye mchoro na kupungua uwanjani, maana kila gari sasa linakalia mbili.

Nafasi ya watu wenye ulemavu mmeichora kwa buluu safi, nyuma ya jenereta, mbele ya ngazi. Pembeni hapana hata pa kukunjulia kiti cha magurudumu. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ni ya mwaka 2010. Huenda nakala yenu bado iko njiani. Bahati nzuri nafasi haikai tupu: gari la meneja huwa hapo.

Uwanja wenyewe unaendeshwa na mlinzi na filimbi yake: "Njoo, njoo, kata kulia, hapo hapo!" Mistari haitazami. Mpandisheni cheo.

Na mtakaporudia kazi hii, maana rangi hiyo haifiki vuli, tunaomba fundi apime kwanza gari likiwa na milango wazi, ndipo afungue kopo.

Mteja wenu, ninayepaki kwa jirani.