Mjomba Kokoto Anajibu: Ua Umezama, Nifanyeje?

*Shikamoo Mjomba. Nilitandaza pevingi uani mwenyewe ili nikwepe gharama za fundi. Wiki ya kwanza mashosti wa mke wangu walikuja kupiga picha. Masika ilipoingia, katikati pakadidimia. Sasa tuna bwawa, na vyura wanaimba usiku kucha. Vitofali nilinunua vya bei mbaya. Je, niliuziwa feki?* — Mwenye Vyura, Tegeta

Marahaba, Mwenye Vyura. Vitofali vyako vizima, viache. Mwenye kesi ni kilichopo chini yake. Barua yako ina kurasa tatu za rangi (nyekundu pembeni, kijivu katikati, nyota mbele ya mlango), lakini neno "kokoto" halimo hata mara moja.

Ua wa kukaa na kupikia unataka hivi. Chimba kama sentimita 19, toa mizizi na udongo wote mlaini wa juu, kisha shindilia sakafu ya shimo. Weka sentimita 10 za kokoto ndogo zilizochanganyika na vumbi lake, kwa matabaka mawili. Kila tabaka linyunyizie maji kidogo, ulishindilie kwa mashine ya kukodi. Watoto wakicheza rede juu yake, huko si kushindilia. Kama gari litaingia, kokoto ziwe sentimita 15 hadi 20, na shimo liongezeke kina. Juu yake unaweka mchanga wenye chenga, sentimita 3 tu, halafu kitofali chenyewe cha sentimita 6.

Kwenye zile sentimita 3 ndipo Fundi Maiko wa kila mtaa anapotuumbua. Akikuta kokoto hazijakaa sawa, anafukia mabonde kwa mchanga, unakuwa sentimita 10 huku na 2 kule. Siku ya kukabidhi kazi ua unang'aa. Mvua ikija, mchanga unahama, na kila mguu wa kiti unatafuta shimo lake.

Kuusawazisha huo mchanga kuna raha yake, na nakushauri usimwachie mtu. Laza mabomba mawili membamba sambamba, mwaga mchanga katikati, kisha vuta ubao ulionyooka juu ya mabomba hayo mpaka usiachwe mwinuko wala bonde. Ondoa mabomba, ziba mifereji yake, na asikanyage mtu. Kuku wafungiwe. Unaanzia pembeni, unapiga magoti juu ya vitofali ulivyokwisha kupanga, unasonga mbele ukigongagonga kwa nyundo ya mpira. Kingo zishikwe na zege, la sivyo vya pembeni vitaanza kutengana na vya katikati vitafuata. Mwisho fagia mchanga laini mkavu uingie kwenye nafasi, pitisha mashine, fagia tena.

Kwa hiyo ng'oa hapo palipozama, chimba, anza upya. Afadhali yako, vitofali vyenyewe vitarudi palepale. Sakafu ya zege ungeivunja kwa nyundo na kuinunua mara ya pili. Vyura watahama wenyewe.

*Mjomba, mume wangu alisema ua ni kazi ya wikiendi moja, kajifunza kwenye simu. Tripu ya mchanga imelala getini tangu Krismasi, paka wa mtaa mzima wameifanya choo. Nikimuuliza ananiambia mambo mazuri hayataki haraka. Nivumilie?* — Mama Mvumilivu, Mbagala

Mama, kaa naye chini mshike kalamu. Ua wa mita 4 kwa 5 ni mita za mraba 20. Vitofali vya sentimita 20 kwa 10 vinaingia 50 katika kila mita ya mraba, kwa hiyo anahitaji 1,000, na 50 hadi 100 vya ziada kwa kukatwa na kuvunjika. Kimoja kinakaribia kilo 3. Hapo ana karibu tani 3, na lori litazimwaga getini. Kuingia uani ni kwa mikono. Bado kokoto, ambazo ni nzito kuliko hizo. Bado udongo uliochimbwa, karibu mita za ujazo 4, ambao simu haikumwambia ataupeleka wapi.

Peke yake wikiendi moja hawezi. Akodi vijana wawili na toroli, na mchanga uchekechwe kabla mtu hajaugusa. Uvumilivu wako nauwekea mwisho: masika. Mvua ya Dar itauzoa mchanga huo hadi mtaroni bila kumuuliza mwenye nyumba.

*Mjomba, ua wangu umetulia kabisa, ila jirani amenishtaki kwa mjumbe kwamba maji yote yanaingia sebuleni kwake. Nilifuata ushauri wako wa mteremko. Mwenye haki nani?* — Msikivu, Kimara

Jirani. Nilisema ua uinamie mbali na nyumba yako, sentimita 2 kwa kila mita. Sikusema uinamie kwa mwenzio. Maji yaongoze kwenye bustani yako, au uchimbe shimo ndani ya kiwanja chako, mbali na misingi yote miwili, ulijaze mawe na kokoto yapotelee humo. Kabla ya kugusa kitu, pima kwa mpira mwangavu wenye maji, ule wa mafundi wa msingi, maana huko Kimara kwenye vilima macho yanadanganya. Kisha mpelekee jirani kilo mbili za sukari. Mjumbe naye usimsahau, umempotezea jioni.

*Kila asubuhi nakuta unga mweupe juu ya pevingi zangu mpya. Wifi yangu alikuja kututembelea, na tangu aondoke umezidi. Nitafute mtaalamu?* — Nimeshtuka, Kigamboni

Wifi hana hatia. Chokaa iliyomo kwenye saruji huyeyuka katika maji, hupanda juu, ikikutana na hewa ya ukaa inaganda kuwa unga huo. Hauna madhara, mvua na ufagio mgumu vitaumaliza polepole. Ila kama ulitandaza mchanga wa ufukweni kwa sababu ni wa bure, basi chumvi nayo imo, na hapo mchawi ni wewe.

*Ua umekwisha, unapendeza mno. Chemba ilikuwa wapi?* — Pua Imeziba, Ubungo

Chini ya meza ya chakula, kwa jinsi ulivyonichorea. Ng'oa hapo, ipandishe shingo ya chemba mpaka usawa wa ua, uiwekee mfuniko wenye vishikio. Gari la kunyonya halifanyi kazi kwa ramli.

Wasomaji, mkiniandikia kuhusu ua, leteni urefu na upana kwa mita, maji yanakoelekea, na udongo wa aina gani. Nyie wenye udongo mweusi wa kunata, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, semeni mapema, kwa sababu kwenu sentimita 19 hazitoshi. "Ua wa ukubwa wa kawaida" siwezi kuupigia hesabu.