Barua ya Wazi kwa Waheshimiwa wa Kaunti ya Mombasa: Uwanja Msiumalize

Ila janabi, waheshimiwa watukufu mnaosimamia vijana na michezo katika Serikali ya Kaunti ya Mombasa, Mola awape afya, baraka, na umri mrefu hata kuliko ule wa kandarasi mlizozirithi. Baada ya kuwasalimu kwa salamu zipasazo vyeo vyenu, nawaarifu kuwa hali yangu ni njema, hali za wazee wangu pale Kibokoni ni njema, na haja iliyonishikisha kalamu ni moja tu, nayo ni kuwaomba jambo ambalo, kwa nizijuavyo tabia za ofisi, halitawatoa jasho.

Mimi ni kijana wa Mji wa Kale ambaye riziki yake Mungu ameiweka Muscat, ambako nafundisha watoto mpira wa miguu. Nimekuja nyumbani kwa likizo ya miezi ya jua, kwa kuwa joto la Oman wakati huu hufikia ukali ambao hata serikali yao hupiga marufuku kazi za juani kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu, tangu Juni mpaka Agosti. Wenye uwezo huwachukua watoto wao Salalah kufuata manyunyu, nasi waalimu wao hurudi tulikotoka. Basi hata mkoba sijaufungua vyema, nimeketi barazani, nikawasikia wazee wakisimuliana, baina ya kahawa na kashata, kwamba ati mna azma thabiti ya kuumaliza ule Uwanja wa Manispaa wetu hapa kisiwani. Wenzangu walicheka, mimi usingizi ulinipaa, na kulipokucha nikaona ni wajibu wangu kuwasihi kwa taadhima kuu: msifanye haraka.

Najua kuwa haraka si maradhi yenu, na asije mtu akadhani nawasingizia. Wareno, waliokuwa wageni wasioijua hata njia ya kisimani, waliuanza ujenzi wa Fort Jesus, ile tuiitayo sisi Ngomeni, mwaka 1593, na ilipofika 1596 ngome imesimama. Waomani nao walipokuja kuwatoa, waliizingira tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, na katika muda huo usiotimia miaka mitatu waliokuwamo ndani walipatwa na njaa, tauni, matumaini ya merikebu za msaada, na hatimaye kushindwa. Uwanja wetu ulifungwa kwa ajili ya ukarabati zama za gavana wa kwanza, naye akavitimiza vipindi vyake viwili vya utawala, akashika madaraka wa pili, akaukuta ungali unangoja mafundi; kwa hiyo, kwa kipimo cha tarehe, mmewashinda Wareno na Waomani wote kwa mpigo mmoja, na huo ni ushindi ambao mji huu haujaupata katika mpira kwa muda mrefu sana.

Sababu ya ombi langu ni ya tumbo, wala sioni haya kuitaja. Huko niliko, mitaani mna viwanja vyenye nyasi za bandia, nyavu nzima na taa zinazowaka, hata utamkuta mtoto wa miaka tisa amepewa nafasi ya kukimbia mpaka achoke mwenyewe, hajapata kubanwa na ukuta tangu azaliwe. Kwa mtoto kama huyo mimi ni hazina, maana elimu yangu sikuipata darasani. Niliipata katika kichochoro cha nyuma ya Ndia Kuu, ambako pasi ikipanda juu ya kiuno huingia dirishani mwa nyumba ya watu, na mpira ukishaingia hautoki mpaka kwanza ukoo wako wote utajwe kwa majina. Ambako hamali akipaza sauti yake ya simile mchezo husimama pasipo filimbi, mkokoteni ukapita, na mchezo ukaendelea. Ambako goli ni baina ya baraza na mlango wa nakshi, na mwenye kuugonga mlango huo kwa mpira hushitakiwa kwa babake msikitini baada ya Alasiri. Aliyelelewa hivyo hujifunza kuutuliza mpira kwa mguso mmoja, kuupeleka chini kwa chini, na kukijua kilicho nyuma yake bila ya kugeuka, kwa kuwa kilicho nyuma yake aghalabu ni bodaboda. Wazazi wa Muscat huyaona hayo wakastaajabu, wakasema pwani ya Afrika ina siri yake. Siri yenyewe, waheshimiwa, ni ninyi. Sasa mkija mkawapa watoto wa Kibokoni na Bondeni uwanja wenye nafasi, wakajifunza mpira kama wajifunzavyo watoto wengine wa ulimwengu, mimi nitabakiwa na nini cha kuuza?

Wala si mimi wa kwanza kunufaika na siasa yenu hii, ingawa katika zama za wazee wetu ilikuwa haijakomaa. Mwaka 1965, ligi ya taifa ikiwa katika msimu wake wa tatu tangu kuasisiwa, ubingwa uliletwa na Feisal, timu ya hapa hapa Mombasa, na wazee wa baraza yetu husimulia habari zake kwa namna ambayo mtu angedhani mechi ilikwisha jana. Lakini mji ulikuwa bado na kasoro ya kuwaweka wachezaji wake nyumbani. Kisha tukastaarabika. Mahmoud Abbas, mlinda lango mzaliwa wa mji huu, ambaye Kenya nzima ilimpa jina la Kenya One kwa jinsi alivyoitetea nchi langoni, naye mwishowe alivuka bahari kwenda kudaka mipira ya Oman, na njia aliyoipita ndiyo tuipitayo sisi leo, ila yeye aliondoka watu wakiwa wamekwisha kumwona, ilhali sisi twaondoka kabla hatujaonwa na mtu, jambo ambalo hupunguza sana huzuni ya kuagana. Mwaka 2019 Bandari walipoingia Kombe la Shirikisho la Afrika, mechi zao za nyumbani zilichezwa Kasarani, Nairobi, masafa ya karibu kilomita 500 kutoka baharini, na nadhani hakuna timu nyingine ya wanabandari duniani iliyopata kupanda bara mpaka nyanda za juu ili ikacheze nyumbani. Na Agosti 2025, mashindano ya CHAN yalipoletwa Kenya, Uganda na Tanzania, ndugu zetu wa Unguja walizipokea mechi zao katika uwanja wa Amaan, kisiwani mwao, ilhali sisi wa kisiwa hiki tulitazama kwenye televisheni, na tukaepukana na msongamano wa magari Barabara ya Digo.

Msidhani kwamba huko niliko ni asali tupu. Mgeni huishi kwa karatasi: kibali cha ukaazi, kafili, mkataba, na japokuwa tangu Januari 2021 mtu aweza kumhama mwajiri baada ya mkataba kwisha pasipo kuomba barua ya ridhaa yake, bado kila mwalimu kijana huilinda kadi yake ya ukaazi kuliko anavyolinda goti lake. Mazoezi yetu huanza baada ya Magharibi, jua likishasalimu amri. Watoto huniita Kapteni, maana ndivyo aitwavyo mwalimu wa michezo katika nchi hizo, na pembeni ya uwanja huketi mabibi waliozaliwa Unguja, ambao mapinduzi ya 1964 yaliwavusha bahari pamoja na lugha yao, nao hunisahihisha Kiswahili changu kwa ukali kuliko ninavyowasahihisha mimi wajukuu zao. Mmoja aliniuliza siku moja, kwa Kiswahili safi ambacho sijakisikia hata kwa shangazi zangu, kama kwetu Mombasa bado kuna watu wanaofundisha mpira, au wote tumekwisha kuja huko. Nikamjibu kuwa wapo, bibi, ila hawana pa kusimama. Usiku nikirudi chumbani, simu imejaa jumbe za sauti kutoka nyumbani: huyu ataka njumu, yule ataka glovu za kipa, mama wa mtaa wa pili asema mwanawe ana mguu wa kushoto ambao dunia haijapata kuuona, basi nimtafutie nafasi huko huko. Na hapa Kibokoni, licha ya Ukapteni wangu wote, jirani yetu angali akimwuliza mama yangu nitaanza kazi lini.

Hao waliobaki ndio wanaonitia tashwishi. Wapo vijana wenzangu hapa kisiwani ambao kila jioni huwakusanya watoto Makadara, mpira wameununua kwa fedha zao, vizibao wamevishona kwa mabaki ya vitambaa vya duka la mjomba, na uwanja wanaugawana na sala za Idi, mikutano ya siasa, na magari yanayotafuta pa kugeuzia. Hawalipwi na mtu. Kocha wa namna hiyo ni hatari kwa utulivu wa mambo, na nastaajabu hamjamchukulia hatua, kwa kuwa mtoto anayetoka mazoezini amechoka huenda kwao akalala, na akilala mapema atapatikanaje na wale mabwana wanaomngoja vichochoroni na vipaketi vyao vya unga, au na magenge ya mapanga yanayoandikisha askari wapya usiku? Biashara za watu zitaharibika. Fikirini vilevile hasara ya semina: mkiwa na uwanja wenye taa, uliojaa vijana mpaka saa nne za usiku, mtamwalika nani katika zile hafla za hotelini za kuwazindua vijana wasio na la kufanya? Na nani atakula ile samosa?

Kisha kuna hii Katiba ya 2010, ambayo katika Jedwali lake la Nne iliwapa kaunti shughuli za michezo na viwanja vyake. Waliotunga kifungu hicho hawakuwatakia mema, maana waliwanyima hata nafasi ya kuisingizia Nairobi, ambayo ni haki ya kila mtu wa pwani tangu reli ilipoanza.

Kwa hiyo, badala ya kuumaliza uwanja, naomba kupendekeza lililo bora. Mji wa Kale ulitangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1990, na Ngomeni ikaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2011. Ni jambo la busara, basi, uwanja nao ukabidhiwe watu wa makumbusho, uhesabiwe katika magofu pamoja na Gede, uandikwe kibao cha shaba, na wageni watozwe kiingilio, wasio wenyeji zaidi. Mimi najitolea kuwatembeza wakati wa likizo zangu. Nitawaonyesha jukwaa ambalo halijakaliwa, nitawaeleza kuwa hapa palikusudiwa nyasi na pale palikusudiwa mbio, na wakiniuliza utawala gani uliojenga na upi uliobomoa, nitajibu kama wajibuvyo waongozaji wote wa magofu, kwamba wataalamu wangali wakihitilafiana. Mtalii wa Kijerumani, nimjuavyo, atapiga picha na kulipa, na kaunti itapata faida ambayo uwanja mzima, wenye watoto wasio na senti, usingeiingiza hata kwa karne.

Na iwapo mtakuja Muscat kwa ziara ya mafunzo, kwa kuwa nasikia ziara za namna hiyo ni sehemu ya kazi, msipate tabu ya kufika kiwanjani. Kiwanja kina taa kali zinazoumiza macho, na kuna hatari ya kumwona mtoto wa Kibokoni akiwafundisha watoto wa wenyewe kwa mambo aliyoyajua kwenu. Niiteni hotelini. Nitakuja na koti, tutapigwa picha ya pamoja, na chini yake mtaandika kuwa kaunti yajivunia vijana wake walioko ughaibuni. Mkinihitaji kuwekeza nyumbani, nitasikiliza pia, ingawa akiba yangu kwa sasa imekwisha kuwekezwa katika njumu za watu.

Nawaombea heri katika majukumu yenu, na samahani kwa maneno mengi ya mtu mdogo. Wasalaam.

Wenu katika utiifu,
Mwalimu wa mpira wa Kibokoni na Muscat

Tanbihi. Watoto wa Makadara, ambao hawajafunzwa adabu za barua, wamenituma niongeze neno. Fainali yao ni Ijumaa hii baada ya Alasiri, nao wamekuta kiwanjani yamesimikwa mahema, viti vimepangwa safu kwa safu, na bango kubwa limetandazwa mahali pa goli la upande wa barabarani likitangaza kongamano la kuwawezesha vijana. Hakuna anayeyajua mahema hayo ni ya nani. Wanauliza tu kama kongamano litakwisha kabla ya saa kumi, na kama halitakwisha, je, waweza kupewa angalau ile nafasi ya nyuma, pale panapoegeshwa magari ya waheshimiwa?