Jinsi ya Kumfuata Mchumba Ulaya Ukitokea Mtinko

Kwanza hakikisha mchumba mwenyewe yupo: ana sura, ana anwani, na si yule anayekuomba wewe umtumie nauli. Kwa Waturu wa Mtinko, huku Singida, mchumba wa Ulaya si jambo la ajabu. Haydom haiko mbali, na ile hospitali ya huko iliyoanzishwa na Wanorwe miaka ya 1950 haijawahi kukaukiwa vijana wa kujitolea. Mmoja akipita gengeni akanunua vitunguu, kesho akarudi kununua vingine asivyovihitaji, yanayofuata mnayajua.

Pasipoti sitaikalia sana. Ni shilingi 150,000, namba ya NIDA, cheti chako cha kuzaliwa na cha mzazi. Kama mama alizaliwa mwaka ambao hakuna aliyeshika kalamu, utaapa kiapo. Uhamiaji watakuuliza unakwenda wapi na kufanya nini. Ubalozi nao hautakusikiliza mpaka uwe na pasipoti. Nani atangulie? Usiulize, jaza fomu.

Sasa pima mapenzi yako kwa siku. Yakiwa ya siku 90 ndani ya siku 180, viza ya Schengen inatosha: ada euro 90, bima ya safari isiyopungua euro 30,000, na nchi 29 za kutembelea, ingawa wewe shida yako ni nyumba moja tu. Yakizidi siku 90, kila nchi ina sheria zake. Ufaransa, kwa mfano, ina viza ya mgeni wa muda mrefu kwa euro 99, nawe unaahidi kwa maandishi kwamba hutafanya kazi yoyote ukiwa huko. Mturu mzima, mwenye mikono miwili, anaweka saini kwamba hatashika jembe! Usimwonyeshe baba karatasi hiyo.

Tuje kwenye benki, maana hapa ndipo wengi huanguka. Steitimenti ya mkulima haina adabu. Miezi mitatu kimya, halafu milioni nne zinaingia siku moja, wiki inayofuata zimekwisha. Wewe unajua umeuza vitunguu, ukalipa vibarua, mbolea na ada za watoto. Afisa viza anaona mtu aliyekopeshwa hela apige nazo picha. Kwa hiyo usiwapitishie wajomba daftari la michango wiki moja kabla ya kuomba. Weka benki kidogo kidogo tangu msimu wa alizeti, na risiti za mnunuzi uzitunze, hata ile yenye alama ya mafuta.

Kisha thibitisha kwamba una sababu ya kurudi. Ardhi ya kijiji ina Sheria Na. 5 ya mwaka 1999, na mwenye shamba anaweza kupata hati ya hakimiliki ya kimila. Kama unayo, itoe nakala ya rangi. Kama huna, mwendee mtendaji wa kijiji akuandikie barua, agonge muhuri mpaka meza iitike, kisha uipeleke mjini Singida ikatafsiriwe Kiingereza. Ng'ombe wapige picha, nawe usimame kando yao bila kucheka. Kuku usiwataje. Kuku wa Singida wanakwenda Dar es Salaam kila siku na hawarudi, utajiharibia.

Mwisho ni ushahidi wa mapenzi yenyewe: barua ya mwaliko, picha za pamoja, meseji. Chagua kwa makini. Meseji zikiwa baridi, itaonekana hamjuani. Zikiwa za moto, itaonekana hutarudi, na fomu ya kukataliwa ina kisanduku chake maalumu cha kutilia shaka nia yako ya kuondoka kabla viza haijaisha. Yanatakiwa mapenzi ya wastani, yanayotosha kukupandisha ndege, lakini yasiyotosha kukuzuia kupanda nyingine siku ya 89. Zile za saa nane usiku ziache kwenye simu.

Safari ya Dar kupeleka maombi ubalozini siku hizi imekuwa rahisi: basi mpaka Dodoma, halafu treni ya SGR, iliyoanza kufika huko mwaka 2024. Kishoka atakayekwambia ana mtu wake ndani, mpe salamu tu. Dirishani wakikuuliza mlikutana wapi, sema gengeni. Jibu huchukua siku 15, linaweza kufika 45. Ukikataliwa, ada hairudi.

Na yeye akitaka kuja Mtinko? Kama ni Mnorwe au Mjerumani, analipa dola 50, anaomba mtandaoni au anashuka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) na kugongewa papo hapo, siku 90. Hakuna atakayemdai picha ya ng'ombe wake. Kwa hiyo kama mna haraka, aje yeye. Wewe anza kukusanya karatasi sasa: maombi ya Schengen yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na utaihitaji yote.