Lori Lenye Baraza

Gari la kuchezea la betri lina kasoro moja kubwa: linawaka. Unabonyeza, linakwenda. Betri ikiisha unachomeka kwenye chaji, unalala. Sijaona jirani akiacha bao lake aje kutazama kitu kinachochajiwa.

Ndiyo maana nilipotaka lori la rimoti nilitaka la injini. Malori ya injini ni ya aina mbili. Kuna yanayokunywa nitro, yaani methanoli, nitromethani na oili kwa pamoja. Plagi yake haitoi cheche. Ina uzi wenye platinamu unaopashwa moto kwa betri ndogo, na injini ikishawaka uzi huendelea kuwa mwekundu wenyewe. Inapendeza kusikia, ila mafuta yale Dar es Salaam utayatafuta kwa tochi, ndege za abiria hazikuruhusu kuyatia kwenye begi, na methanoli hunyonya unyevu wa hewani. Kwetu Kigamboni unyevu tunaugawa bure.

Nikachukua la petroli, la mtumba, kwa mtu aliyekuwa anahama nchi. Ni moja ya tano ya gari la kweli, zaidi ya kilo 10, na injini yake ya cc 26 huwashwa kwa kamba, ndugu mmoja na ile ya mashine ya kufyekea majani. Kitabu chake kinataka petroli sehemu 25 kwa oili sehemu moja: mililita 40 kwa kila lita.

Hizo mililita 40 ndizo zilizoitisha baraza. Fundi wa mashine za boti alisema zake ni 50 kwa moja, na wavuvi wanakwenda na kurudi. Mzee aliyewahi kumiliki Vespa alipima oili kwa kifuniko, akainusa, akaongeza kidogo "ya baraka." Mzee mwingine, dereva mstaafu wa malori ya Zambia, hakutaka hata kusikia habari za oili. "Huo ni upepo, mwanangu. Itoe upepo." Kutoa upepo ni dawa ya dizeli, lakini mtu aliyepandisha Kitonga na tani 30 mgongoni unambishia kwa cheti gani?

Tukaanza kuvuta kamba kwa zamu. Kila aliyefikiwa alikunja mikono ya shati kwanza, akatutazama kwa huruma, akavuta mpaka akakunjua mikono bila kusema neno. Mmoja akafunga choki, aliyemfuata akaifungua. Injini ikalewa mafuta. Plagi ikatolewa, ikafutwa kwa kanga ambayo mwenyewe alikuwa bado anaitafuta kambani. Kijana mmoja akashauri plagi ichomwe kwa kiberiti, akafukuzwa barazani.

Mara likawaka, na sote tukaruka. Mlio ukajaa mtaa, moshi wa buluu ukaelekea kwa mama wa chapati. "Jamani, wa dawa ya mbu wamekuja! Funikeni vyakula!" Madirisha yakafungwa mtaa mzima. Mwalimu mmoja akatoka mbio, akanivuta pembeni: "Kaka, kufyeka uwanja wa shule unachukua shilingi ngapi?"

Nilipogeuka, baraza lilikuwa limeshatawanyika. Injini inayofanya kazi haishauriwi.

Nikalipeleka kiwanjani, likakimbia vizuri pembeni mwa mechi ya vijana, kisha likakata kona lenyewe, likampita winga wa kulia na kusimama katikati ya duara. Linanguruma, halisogei. Refa akapuliza filimbi, akabaki hajui amwonyeshe nani kadi.

Petroli ilikuwepo, plagi safi. Kumbe lori la petroli nalo lina betri: usukani na mafuta huvutwa na mota ndogo za umeme, na kifaa cha usalama kikiona betri imelegea hufunga mafuta na kukanyaga breki. Betri ilikuwa imelegea kwa sababu mtaani umeme ulikatika tangu alfajiri. Niliukimbia umeme, lori likanifuata na umeme tumboni.

Baraza zima lilirudi mbio, nyuso zinang'aa. Fundi wa boti akapiga magoti. Mzee wa Vespa akaomba kifuniko. Dereva wa Zambia hakuharakisha. Alifika wa mwisho, akaweka mikono kiunoni. "Si nilisema ni upepo?"

Jumamosi iliyofuata betri ilikuwa imejaa, oili imepimwa kwa bomba la sindano. Nikavuta kamba mara moja tu, likanguruma. Mzee wa Vespa, aliyekuwa ndiyo kwanza anasogeza kigoda, alinitazama kama mwenyeji aliyeanza kula wageni hawajanawa.

"Zima kwanza," akasema. "Fundi hajafika."