Nanga na Kebo Kwenye Stoo ya Vielelezo

Tarehe 25 Desemba 2024, kebo ya umeme Estlink 2 kati ya Finland na Estonia ilikatika chini ya bahari. Finland ikaizuia meli ya mafuta Eagle S, na nanga yake ikaopolewa Januari. Tuseme nanga hiyo ilihifadhiwa pamoja na kipande cha kebo, kama vielelezo.

"Niliteleza, mama," Nanga alianza.

"Kwa karibu kilomita 90?"

"Mtambo wa kuninyanyua ni mbovu. Halafu bendera yetu ni ya Visiwa vya Cook. Urusi mnayoishuku inaingiaje?"

"Mlipakia wapi?"

"Ust-Luga."

"Visiwa vya Cook vimehamia Urusi lini?"

Nanga akakohoa kutu. "Thibitisha kwamba nilikusudia."

Kebo alijua hapo ndipo penye kazi. Nchi ya watu milioni 1.3 haiwezi kutangaza vita kwa sababu ya mnyororo uliolegea. Ikinyamaza, uvumi unaijibia. Estonia iliionja hali hiyo Aprili 2007, ilipohamisha sanamu ya askari wa Kisovieti kutoka katikati ya Tallinn. Uvumi ukaenea kwamba imekatwa vipande. Ilikuwa nzima, na ipo makaburini hadi leo, ila mitaa ilichafuka siku mbili, kisha benki, magazeti na tovuti za serikali zikashambuliwa kimtandao kwa wiki kadhaa.

"Mkafaidika," Nanga alisema. "Mwaka 2008 NATO ikawapa Tallinn kituo cha ulinzi wa mtandao."

"Na mwaka 2015 tukafungua ETV+, televisheni ya Kirusi. Raia anayesikia habari kwa lugha yake kutoka kwao hahitaji kuisubiri ya jirani." Hapo Kebo alisema kweli, ingawa miaka minane ni mingi kwa kanusho.

"Nami je? Kabla yangu nani alikulinda?"

Kebo akasita. "Baada yako Estonia iliituma Raju, boti yake ya doria."

"Kukulinda wewe?"

"Kumlinda kebo mwenzangu, Estlink 1. Mimi nilikuwa nimeshakatika."

Oktoba 2025 mahakama ya Helsinki iliitupa kesi kwa kukosa mamlaka, maana uharibifu ulitokea nje ya maji ya Finland. Nahodha na maofisa wake walikuwa wamekana kukusudia.

"Nimesafishwa!" Nanga alishangilia.

"Hukusafishwa wala hukuhukumiwa."

"Huko nyumbani nitasema nimeshinda."

"Tallinn watasema umeponyoka."

"Kauli ipi itaaminiwa?"

"Sijui. Ila ya Tallinn imeshaingia kwenye bajeti: ulinzi wa mwaka 2026, zaidi ya asilimia 5 ya pato la taifa."